Ukuta wa Udongo Bukavu: Nguvu Unayo, Nyufa Je?

Kila saruji inapopanda bei Bukavu, swali lilelile hurudi: kwa nini tusijenge kwa udongo tunaoukanyaga? Hapa hatuzungumzii nyumba ya miti iliyokandikwa, wala matofali ya kukaushwa juani. Tunazungumzia udongo wenye unyevu kidogo, unaomwagwa kati ya mbao mbili kwa tabaka la sentimita 12 hadi 15, ukashindiliwa kwa mchi mzito mpaka unapungua karibu nusu, kisha tabaka jingine juu yake, na jingine, hadi kufika kwenye paa.

Wanaojadiliana hapa ni watu wanne wa kubuni: mama anayetaka kujenga, fundi mkongwe wa matofali ya saruji, injinia kijana wa kike aliyemaliza chuo, na mzee ambaye ni sefu wa avenyu. Hoja zao si za kubuni.

MAMA: Mimi naishi Nyamugo, kwenye nyumba ya mbao. Kiangazi kikifika silali. Nikisikia kelele usiku, cha kwanza ni kunusa moshi, maana kule nyumba zimeshikana na moto hauulizi mlango. Nataka ukuta usioungua. Pesa ya kujenga nyumba nzima kwa saruji sina. Injinia ananiambia udongo, Papa Fundi ananiambia nisithubutu. Basi semeni mbele yangu.

FUNDI: Mama, nimebomoa kuta za udongo nyingi kuliko nilizojenga, na nyingi ya hizo nilikuta zina nyufa ambazo kidole kinaingia. Udongo hauna nguvu. Anayejenga kwa udongo awe tayari kujenga mara mbili.

INJINIA: Papa, tuanze na hiyo nguvu, maana inapimika. Ukuta ulioshindiliwa vizuri una uzito wa karibu kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Ukiupandisha mita 2 na nusu, kila sentimita ya mraba pale chini inabeba nusu kilo. Weka mbao na manjanja ya paa juu yake, bado haifiki kilo moja. Sasa Zimbabwe walitoa kiwango cha kuta za aina hii mwaka 2001, na baadaye jumuiya ya SADC, ambayo Kongo ni mwanachama wake, ikakichukua. Kinataka ukuta wa nyumba isiyo na ghorofa, wenye unene wa sentimita 40, ustahimili angalau megapaskali 1.5, yaani kama kilo 15 kwa sentimita ya mraba. Udongo mzuri usio na saruji hata kidogo hufika hapo ukishindiliwa inavyotakiwa. Tunaupa mzigo wa kilo moja ukuta unaoweza kilo 15.

FUNDI: Basi nyufa nilizoziona zilitoka wapi?

INJINIA: Kwenye kuvutwa, si kwenye kukandamizwa. Udongo ukikandamizwa unavumilia, ukivutwa unaachia mara moja. Na hapa kwetu yanayouvuta yako mengi: unakauka na kusinyaa, msingi unashuka upande mmoja, mlima unasogea, ardhi inatetemeka. Kila jambo lina alama yake ukutani, nawe unazisoma kuliko mimi.

FUNDI: Hilo kweli. Ufa mwembamba uliosimama wima, unaojirudia kila baada ya hatua kadhaa, ni wa kukauka. Hutokea wiki za mwanzo kisha hutulia. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana juu kuliko chini, msingi umeshuka. Mishazari miwili inayokatana kati ya dirisha na dirisha ni tetemeko. Ufa wa kulala unaofuata mstari wa tabaka, wenzangu walishindilia juu ya tabaka lililokwisha kukauka. Na ukuta ukiliwa chini, kimo cha mguu kutoka ardhini, huo si ufa: ni mvua inayoruka kwa sababu paa ni fupi.

INJINIA: Sasa niambie, Papa. Katika hizo zote, ni upi ungezuiwa kwa kuufanya udongo wenyewe uwe mgumu mara mbili?

FUNDI: Labda wa tetemeko. Hizo nyingine, hapana.

MZEE: Hapo mmekubaliana jambo, nimelisikia. Tuendelee na ufa wa kukauka, maana ndio watu wanaouona kwanza na kucheka nao.

INJINIA: Ufa wa kukauka unajulikana kabla ya kujenga, Mzee. Unatengeneza kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Unapaka mafuta ndani, unajaza udongo wenye unyevu uleule utakaoutumia, unaushindilia, unaacha ukauke kivulini. Halafu unasukuma vipande vyote upande mmoja na kupima nafasi iliyobaki. Ikiwa ni milimita 6, udongo umesinyaa asilimia 1. Kwenye ukuta wa mita 4 hiyo ni sentimita 4 za nyufa. New Zealand, nchi ya matetemeko kama sisi, kiwango chao cha mwaka 1998 kiliruhusu asilimia 0.05 tu kwa ukuta wa kushindilia: milimita 2 katika mita 4. Ufa wa namna hiyo unaufunika kwa plasta na kuusahau.

MAMA: Na udongo wetu mwekundu uko wapi katika hesabu hiyo?

INJINIA: Pabaya, Mama, sitakuficha. Milima ya Bukavu ni basalti ya volkeno iliyooza kwa muda mrefu. Udongo wake ni laini, umejaa mfinyanzi, mchanga haba. Mfinyanzi ndio gundi, lakini pia ndio unaosinyaa. Ukuta wa kushindilia unataka mfinyanzi kama asilimia 10 hadi 20, na sehemu kubwa iwe mchanga na changarawe.

MAMA: Ndiyo sababu mtengeneza vyungu hutia mchanga au vigae vilivyosagwa kwenye udongo wake. Asipotia, chungu kinapasuka kabla hakijaona moto.

INJINIA: Jambo ni hilohilo.

FUNDI: Basi ngoja nami nipige hesabu. Tuseme udongo wa parseli ya Mama una mfinyanzi nusu kwa nusu. Kuufikisha asilimia 20, kila karai moja ya udongo inataka karai moja na nusu ya mchanga. Nyumba ya mita 6 kwa 7 yenye ukuta mmoja wa ndani ina karibu mita 30 za ukuta. Mita moja ya ukuta wako mnene ina tani 2. Zote tani 60. Katika hizo, tani 36 ni mchanga wa kununua! Matofali yangu ya tundu, nyumba hiyohiyo, kuta zote hazizidi sana tani 15. Umemwambia Mama ajenge kwa udongo wa bure, kumbe unamjengea kwa mchanga wa lori.

INJINIA: Hapo umenishika, Papa. Kwa udongo wa namna hiyo, nyumba ya kushindilia haina maana. Ndiyo maana nasema udongo uchaguliwe kwanza, nyumba ije baadaye. Chini ya ule mwekundu laini mara nyingi kuna tabaka la jiwe lililooza nusu, lina punje na vikokoto. Anayekata mlima kupata uwanja hulitupa bondeni. Hilo ndilo la kupima. Na wanaoponda mawe kando ya barabara hubakiza vumbi na changarawe ndogo, nazo ni sehemu ya dawa. Ila kisanduku kikikataa, nami nakataa.

FUNDI: Sawa. Na maji? Vijana wa kibarua wakichoka humwaga maji ili udongo ulainike.

INJINIA: Hapo ndipo nyufa nyingi zinapozaliwa. Maji yaliyozidi yakitoka yanaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ufa. Kipimo kiko mkononi: finyanga donge, nyoosha mkono, liachie lianguke kutoka mita 1 na nusu kwenye ardhi ngumu. Likibaki donge moja limelowa mno. Likiwa vumbi limekauka mno. Likivunjika vipande vichache, shindilia. Unafanya hivyo kila mchanganyiko, si asubuhi tu.

MZEE: Na nyuzi? Nimesikia watu wanatia katani.

INJINIA: Zinasaidia, Mzee, kwa kiasi. Nyuzi za katani au nyasi kavu zilizokatwa fupifupi hazizuii udongo kusinyaa. Zinashika kingo za ufa zisiachane, ili badala ya ufa mmoja mkubwa upate nyingi nyembamba kama unywele. Lakini ukizidisha, mchi unadunda, udongo haushikani, na nguvu inashuka.

FUNDI: Mnazunguka sana. Mimi nasema tieni saruji kwenye huo udongo, asilimia 8 tu, maneno yaishe. Ukuta hautalowa, hautaliwa.

INJINIA: Kweli, utastahimili maji vizuri zaidi. Lakini Papa, umepiga hesabu ya mchanga, ngoja nipige ya saruji. Asilimia 8 ya tani 60 ni kilo 4,800. Magunia 96. Kwa nyumba hiyohiyo matofali yako ya tundu yanafika 940. Gunia moja linakupa mangapi?

FUNDI: Tofali la kweli, lisilo la wizi, 25 hadi 30.

INJINIA: Basi ni magunia 31 hadi 38. Ongeza ya kujengea, tuseme tumefika 50. Ukitia asilimia 8 kwenye ukuta mnene umetumia saruji karibu mara mbili ya nyumba ya saruji yenyewe! Halafu saruji haipendi mfinyanzi mwingi: madonge yanabaki madonge, saruji inayazunguka nje bila kuingia. Udongo wa mfinyanzi hukubaliana zaidi na chokaa, nayo inataka subira ya wiki nyingi.

MAMA: Kwa hiyo saruji nisinunue kabisa?

INJINIA: Nunua, ila usiimwage mahali ambapo haina kazi. Juu ya kuta zote, chini ya paa, funga mkanda wa zege wenye nondo, ule ambao Papa anauita shenaji. Sentimita 40 kwa 15, mita 30 kuzunguka: hiyo ni mita 1.8 za ujazo. Kwa kilo 300 za saruji katika kila mita ya ujazo, ni magunia 11. Mkanda huo ndio unaozishika kona zisiachane ardhi ikicheza.

MZEE: Ikicheza, umesema. Mimi nakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na ng'ambo ya mto Ruzizi, Cyangugu, watu walikufa. Na Oktoba 2002 lilikuwa la Kalehe, 6.2. Agosti 2015 tukatikiswa tena. Nyumba ya udongo siku kama hiyo inakuwa kaburi. Nijibu hilo, mwanangu.

INJINIA: Mzee, nitajibu kwa nusu mbili. Nusu ya kwanza inanipinga mimi mwenyewe: tetemeko linasukuma nyumba kulingana na uzito wake, na nyumba yangu ni nzito mara nne ya nyumba ya Papa. Ukuta wa udongo usiofungwa, mrefu, wenye madirisha karibu na kona, ni hatari, na hakuna kipimo cha nguvu kitakachouokoa. Nusu ya pili ni kwamba tofali lisilofungwa nalo huanguka. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatikisika siku nyingi, Goma na Gisenyi zilipasuka nyumba za saruji, nyingine mpya. Kinachookoa ni kufungwa: mkanda juu, msingi wa mawe uliounganishwa, kuta fupi zinazosaidiana, dirisha liwe mbali na kona angalau mita 1, na paa jepesi. Nyumba ya chini, hakuna ghorofa.

FUNDI: Hapo naungana naye, Mzee. Nimeona nyumba za matofali, za watu wenye pesa, hazina shenaji, kwa sababu mwenye nyumba aliona nondo ni hasara. Zikipasuka wanalaumu tofali.

MZEE: Na mlima? Funu inatembea, kila mtu wa Kadutu anajua. Wataalamu wamekuja na mitambo yao kupima, wakakuta sehemu nyingine zinasogea mita nzima kwa mwaka na zaidi. Milango inakataa kufungwa, mabomba yanakatika. Utashindilia nini hapo?

INJINIA: Hapo sishindilii kitu. Na Papa hapo asijenge tofali, akijenga anamwibia mtu. Mahali ardhi inasogea, nyumba ya mbao ndiyo yenye akili: inapinda, unaiinua, unaihamisha. Tatizo lake ni moto, na moto dawa yake ni nafasi kati ya nyumba na nyumba, na waya za umeme zilizofungwa vizuri.

MAMA: Nyamugo hakuna Funu, lakini nafasi nayo hakuna. Mmezungumza kilo na magunia, mimi nazungumza vitanda. Parseli yangu inaruhusu nyumba ya mita 6 kwa 7 nje. Kuta za nje za sentimita 15 zinaniachia ndani mita 38 za mraba. Kuta za nje za sentimita 40 zinaniachia 32. Mita 6 za mraba ni chumba cha watoto. Injinia, watoto wangu utawalaza ndani ya ukuta?

INJINIA: Sina jibu, Mama. Kwa parseli ya Nyamugo umenishinda.

FUNDI: Na mimi nilikuwa natafuta hoja saa nzima!

MAMA: Ngojeni, sijamaliza. Marehemu baba yangu aliniachia parseli Mudaka, huko njia ya Kavumu. Pana nafasi, si mteremko mkali, mawe yapo. Papa Fundi, huko ungekubali kushika mchi?

FUNDI: Kwa masharti yangu. Kwanza kisanduku cha huyu binti, na nikione kikikauka kwa macho yangu. Msingi wa mawe utoke juu ya ardhi sentimita 40, na mfereji wa maji uchimbwe kabla ya msingi, si baada ya mvua ya kwanza. Paa litoke nje ya ukuta zaidi ya nusu mita pande zote. Shenaji iwepo. Tushindilie Juni hadi Agosti, tusianze Septemba tukakimbizana na mvua. Kati ya vipande virefu vya ukuta niache kiungo cha wima, udongo ukitaka kusinyaa usinyae hapo nilipoamua mimi. Na nje usinipakishe plasta ya saruji: nimeiona mara nyingi ikiachia vipande vipana kama sinia, kwa sababu ni ngumu kuliko ukuta inaoushika, na unyevu unakwama nyuma yake.

INJINIA: Basi Papa, hotuba yangu ya chuo umeimaliza.

MAMA: Na watu watasema nini? Kwamba nimerudi kwenye nyumba ya kijijini?

INJINIA: Kuna vijiji karibu na Lyon, Ufaransa, ambako nyumba za namna hii zina zaidi ya miaka 100, nyingine za ghorofa, na watu bado wanaishi ndani. Na hapo jirani Kigali, kiwanja cha kriketi cha Gahanga kilichofunguliwa 2017 kina mapaa ya kuba yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapohapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kugandamizwa. Ndani ya tabaka za vigae waliweka wavu wa plastiki ngumu, maana nao wanaogopa tetemeko letu. Hakuna anayesema ni kazi ya kijijini.

MZEE: Watu watasema mpaka watakapoingia ndani saa saba mchana, manjanja ya jirani yakiwaka jua, waone ukuta mnene umekaa baridi. Hayo si ya kunishughulisha. La kunishughulisha ni kwamba kila mmoja akisikia habari hii ataruka kisanduku, ataruka shenaji, atabaki na udongo peke yake.

NENO LA MWANDISHI

Hofu ya Mzee ndiyo iliyo ya haki kuliko hoja zote, na inauelekeza mjadala mahali pake. Bukavu tumezoea kuuliza ukuta una nguvu kiasi gani, na jibu la swali hilo limekuwa saruji zaidi. Lakini hesabu ya injinia haikupingwa na yeyote mezani: nyumba ya chini haimalizi hata sehemu ya kumi ya nguvu uliyonayo udongo ulioshindiliwa vizuri. Swali linalofaa ni ufa unatoka wapi. Ukitoka kwenye udongo, dawa ni mchanga, unyevu mdogo na kisanduku cha sentimita 60. Ukitoka kwenye maji, dawa ni mawe chini na paa pana juu. Ukitoka kwenye tetemeko, dawa ni mkanda. Ukitoka kwenye mlima unaosogea, dawa ni kutojenga hapo, kwa udongo wala kwa saruji.

Fundi naye hakushindwa. Pale udongo unapotaka mchanga kuliko udongo wenyewe, na pale parseli isipotosha kuta nene, tofali lake ni halali, na mtetezi wa udongo anayekataa hilo anauza ndoto. Mjini, Kadutu na sehemu kubwa ya Ibanda zitaendelea kuwa za tofali na mbao. Udongo wa kushindilia una nafasi yake pembezoni, Kabare na Walungu, ambako ardhi ipo na lori la saruji ndilo linalokula akiba ya familia.

Lakini mwenye magunia 11 peke yake, awe anajenga kwa udongo au kwa tofali, asiyamwage yakapotea ndani ya kuta. Ayaweke yote kwenye mkanda.